Uwanja Mmoja, Wenye Punda Wengi

Hapa Tabora mjini, ukiwa mpangaji wa vyumba viwili na una punda wawili, kila jua likizama unajiuliza watalala wapi. Uani kwa mwenye nyumba kuna kamba za nguo, majiko ya wapangaji wenzako na watoto wao. Punda hana nafasi hapo. Kumwacha azurure usiku nako haiwezekani. Mgambo akimkamata utalipa faini ndipo umkomboe, na mwizi akimkamata hutamwona tena. Ndiyo maana sisi wenye mikokoteni tusio na ardhi tunatafuta mzee mwenye eneo pembezoni mwa mji, tunamlipa kwa kichwa kila mwisho wa mwezi, na wanyama wetu wanalala pamoja na wa watu ambao hatuna nao udugu wala ujirani.

Wangu, Tulia na Msafiri, wanalala upande wa njia ya Kwihara. Uwanja umezungushiwa minyaa, ndani kuna mwembe mkubwa wa zamani, banda la bati lenye kuta nusu, na pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu ndilo hodhi la maji. Mwenye uwanja ni mzee wa Kinyamwezi wa umri wa babu yangu, mpole, asiyependa kelele. Namheshimu sana. Ila uwanja ni mdogo na punda ni wengi. Ninachotaka kueleza ni jinsi mnyama anavyoweza kuishi vizuri mahali pasipomtosha, ikiwa watu wanaopatumia watakubali kusemezana.

Wageni wakiangalia mkoa wetu kwenye ramani wanaona mapori na kudhani malisho si shida. Mapori yapo, lakini ya miyombo, na miyombo ina ndorobo. Ndorobo anauma mchana, anafuata kitu kinachotembea, na anapomuuma punda anaweza kumwachia nagana. Nimeuona ugonjwa huo kwa punda wa jirani: alikuwa anakula vizuri tu lakini anakonda, homa inakuja na kuondoka, fizi zimepauka, chini ya tumbo amevimba, miguu ya nyuma inamyumba kila anapogeuka. Mtaalamu wa mifugo alimtibu akapona, ila ilichukua muda mrefu na msimu mzima wa kazi ukapotea. Kwa hiyo kusema "si uwapeleke tu porini wajilishe" ni rahisi kwa asiyemiliki. Tabora ni mji wa misafara tangu enzi za pembe za ndovu, na misafara ile ilibeba mizigo kwa mabega ya watu na kwa punda. Farasi hawakuweza. Stanley alipotoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, farasi wake wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, mbali sana na Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora. Punda ndiye anayevumilia nchi hii, na hata yeye anavumilia kwa shida.

Sababu ya pili ni mazao. Mvua zetu zinaanza mwezi wa 11 na kukatika mwezi wa 4 au wa 5. Katika miezi hiyo majani yanastawi kila mahali, mabichi, marefu, yanayomtoa mnyama udenda. Lakini pembeni ya kila pande la majani kuna mahindi ya mtu, karanga za mtu, viazi vya mtu, na huko mabondeni kuna majaruba ya mpunga. Punda akichomoa kigingi na kuingia kwenye mahindi yaliyoanza kubeba, jioni utakaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ukihesabu mashina yaliyovunjwa, na fidia utalipa. Matokeo yake ni kwamba majira yenye majani mengi kuliko yote ndiyo majira ambayo punda wetu wanafungiwa zaidi. Kiangazi, ardhi ikiwa nyeupe na hakuna cha maana cha kula, ndipo wanaachiwa huru. Hili linaniuma kila mwaka.

Zamani hatukulihisi sana kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa inawatembeza. Wengi wetu tulikuwa tunauza maji. Punda anatoka alfajiri, anazunguka mitaa na madumu hadi mchana, anarudi amechoka, analala. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora kwa bomba, shida ya maji mjini ikapungua, na ni jambo la kushukuru. Mimi mwenyewe nina mtoto mdogo na najua thamani ya bomba linalotoa maji. Ila biashara ya madumu ikashuka. Tukahamia kwenye tofali, mkaa, mchanga, mizigo ya sokoni na magunia ya msimu wa mavuno, kazi ambazo leo zipo na kesho hazipo. Punda wakaanza kusimama. Siku nzima wamesimama, wametazama minyaa.

Mtu akimwona punda amesimama kimya anasema ametulia. Punda ni mnyama wa kuficha. Akiumwa hapigi kelele, hajigaragazi chini sana kama farasi mwenye maumivu. Anasimama tu, masikio yameinama kidogo pembeni, anachokonoa chakula bila kukila. Anayekaa naye kila siku ndiye anayeona tofauti. Mimi niliiona kwenye nguzo za banda. Asubuhi nakuta ganda la mti limetafunwa, nguzo nyeupe kama mfupa, na Msafiri ana vijiti midomoni. Kisha wakaanza kung'atana shingoni, jambo ambalo hawakuwa nalo. Jike mmoja wa mama muuza mkaa akawa anapiga teke kila anayemkaribia, hata mtoto anayempelekea maji. Kwato zikarefuka, maana punda asiyetembea kwenye ardhi ngumu hasagi kwato zake; zinachomoza mbele na kumfanya akanyage kwa visigino.

Wengi pale uwanjani walisema dawa ni pumba. Mnyama anatafuna nguzo, basi ana njaa, mwongezee pumba. Ni wazo linaloeleweka, na ni wazo baya. Pumba nyingi kwa punda aliyesimama zinamletea msokoto wa tumbo na zinamvimbisha ndani ya kwato hadi ashindwe kukanyaga. Punda hakuumbwa kula mlo mmoja mkubwa. Akiwa huru anakula kidogo kidogo kwa saa 14 hadi 16 katika siku, majani makavu na magumu, huku anatembea. Tumbo lake linataka kuwa na nyuzi muda wote, na mdomo wake unataka kazi. Ukimpa debe la pumba atalimaliza haraka na kubaki na saa nyingi za kutafuta cha kutafuna, na nguzo ipo karibu.

Tulichofanya ni kubadilisha aina ya chakula badala ya kuongeza wingi. Punda wetu wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 130 hivi, asipokuwa na kazi anatosheka na kilo mbili na ushee za majani makavu kwa siku. Si chakula kingi. Kinachotakiwa ni kimchukulie muda. Mabua ya mahindi, nyasi za mpunga baada ya kupura, majani ya karanga kidogo kwa ajili ya nguvu. Mabua tunayafunga mizigo midogo na kuyaning'iniza kwenye kamba za uzio, huku moja, kule lingine, nyuma ya mwembe lingine, ili punda atoke hapa aende pale. Mengine tunayaweka ndani ya wavu wa kamba uliosukwa na kijana mmoja wa uwanjani, wenye matundu madogo, ili avute bua moja moja. Ukisimama pembeni jioni unasikia mlio wa kutafuna uwanja mzima, na unaendelea hadi giza linaingia. Nguzo zimepona tangu hapo. Tunawapa pia matawi ya miti wanayoyajua, maana punda anapenda kuchuna magamba. Mradi mti uwe si wa sumu na mwenye mti awe ameruhusu.

Ndugu yangu aliyewahi kulea farasi wa kupanda kule Arusha aliniambia kwamba hata huko, penye mabanda ya zege na kila farasi na chumba chake, kilio ni hiki hiki. Wenye farasi wanachangia viwanja vya kuwaachia, kila mmoja ana saa zake, na mvua ikilowesha uwanja farasi hatoki kabisa. Farasi anayefungiwa muda mrefu anauma mlango, anayumbisha kichwa kushoto kulia bila kukoma, au anazunguka chumba mpaka anatengeneza njia sakafuni. Alinieleza kwamba tabia hizo zikishaota mizizi, hata ukimpeleka uwandani hazitoki zote. Farasi na punda wana tumbo la namna moja na akili ya namna moja kwenye jambo hili: wanataka kutembea, kutafuna na kuwa na mwenzao. Vitatu hivyo vikipatikana, ukubwa wa uwanja unavumilika.

Kuhusu mwenzake, hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa wengi wanalichukulia kama mapenzi ya watu kwa wanyama tu.

Tulia na Msafiri walikuja pamoja. Mara moja Msafiri alipata kidonda kibaya bega lake la kulia, mkanda wa kifuani ulimkata, na mtaalamu akataka abaki karibu na kwake amsafishe kila siku. Kidonda kwa punda hakichezewi, pepopunda iko karibu. Tukampeleka. Tulia akabaki na punda wenzake wengi, chakula kile kile, maji yale yale. Jioni ile alisimama langoni. Kesho yake asubuhi mabua yake hayakuguswa. Mchana nikamletea majani ya viazi, kitu ambacho kwa kawaida anakinyang'anya mkononi, akayanusa akageuza uso. Nikampigia simu mtaalamu, na jibu lake lilikuwa la haraka kuliko nilivyotarajia: "Mama, mlete huyo jike leo hii hii, usisubiri kesho." Akanieleza kwamba punda akiacha kula, hasa jike aliyenenepa kidogo, mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu, ini linazidiwa, na ndani ya siku chache anaweza kufa kwa sababu tu ya kutokula. Tukampeleka usiku. Alipomwona Msafiri aliweka shingo yake juu ya mgongo wake, akakaa hivyo muda, kisha akaanza kuchuma majani chini.

Tangu siku hiyo wangu hawatenganishwi. Mmoja akienda kutibiwa, wa pili anaongozana naye hata kama hana kazi huko. Na nimewashawishi wenzangu uwanjani wajue nani ni mwenza wa nani, maana punda hawapatani na kila punda. Wapo wawili wawili, ukiwatazama wiki moja utawajua: wanasimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, wanafukuziana nzi. Kamba za usiku tunazifunga kwa kufuata hilo, si kwa kufuata nani ni mali ya nani. Mwanzoni ilileta maneno. "Punda wangu atalalaje karibu na chakula cha mtu mwingine?" Tukakubaliana kuchanganya mabua, kila mwenye punda alete mzigo wake kulingana na idadi ya vichwa vyake, upimwe mlangoni, basi.

Kuna asubuhi punda mzee wa fundi tofali alikutwa amekufa chini ya mwembe. Alikuwa mzee kweli, meno yamekwisha, alikuwa akichuja maji ya pumba tu. Vijana walitaka kumburuta mara moja nje wakamzike kabla jua halijawaka. Mzee mwenye uwanja akawazuia. "Mwacheni mwenzake amwone," akasema. Mwenzake, dume mwenye sikio lililochanika, alikuja, akanusa pua, akanusa tumbo, akampiga piga kwa ukwato wa mbele taratibu kwenye bega, kama anamwamsha. Akasimama. Baada ya muda akasogea kidogo, akarudi, akanusa tena. Sisi tulikaa kando, hakuna aliyesema. Alipoondoka mwenyewe kwenda kwenye maji ndipo vijana wakafunga kamba. Dume yule alikula mchana ule. Nimesikia baadaye kwa mtaalamu kwamba ndivyo inavyoshauriwa, kwani punda asiyemwona mwenzake amekufa anaweza kumtafuta kwa siku nyingi na kulia usiku kucha. Mzee hakufundishwa na mtu, alilijua kwa kuishi nao.

Sasa watu. Tatizo la uwanja wa pamoja, mara nyingi, si punda.

Kuna anayechelewa kulipa na mzee anaona haya kumdai. Kuna anayemaliza maji bila kujaza. Kuna aliyekuwa akiwaleta punda wake saa nne usiku na kuacha lango wazi. Kuna aliyemleta punda mgeni kutoka mnadani, anakohoa, pua zinatiririka, akamwingiza katikati ya wenzake bila kumtenga, na wiki iliyofuata nusu ya uwanja walikuwa wanakohoa. Na kuna kijana mmoja ambaye alimchapa Msafiri kwa fimbo ya kwenye mbavu kwa sababu alisimama njiani. Hilo la mwisho lilinichemsha damu. Ningeweza kumfokea pale pale mbele ya wenzake, na angejibu, na tungekuwa maadui mpaka leo, na punda wangu wangebaki chini ya mkono wake kila nisipokuwepo. Nilimsubiri jioni, nikamkuta anafunga mkokoteni wake, nikamwambia, "Mdogo wangu, yule punda bega lake lina kovu, ukimgusa upande ule anaganda, si ukaidi. Mshike hatamu upande wa kushoto, atakufuata." Akasema "sawa dada". Sasa ndiye anayemtoa Msafiri vizuri kuliko wote, na ni yeye aliyesuka zile nyavu za mabua.

Kwa mambo ya wote tuliomba kikao. Mzee akakubali kwa sharti kwamba kikao kiwe chini ya mwembe, siku ya Jumapili jioni, na asiyekuja asilalamike baadaye. Tukaandika kwenye daftari la kawaida la shule. Punda mgeni anatengwa wiki mbili kwenye kibanda cha pembeni, na ndoo yake mwenyewe. Mavi yanazolewa mara mbili kwa wiki kwa zamu, kwa kuwa minyoo inatoka kwenye mavi na kurudi mdomoni kwa punda anayekula chini, na uwanja mdogo hauna mahali pa kukwepa. Dume asiyehasiwa anafungwa peke yake usiku. Na kubwa kuliko yote, tukamwajiri kijana wa kuwatoa nje, kila mwenye punda anachangia kwa kichwa.

Hili la kutoka ndilo lililobadilisha maisha yao. Masika anawatoa mapema kabisa, kabla ndorobo hawajachangamka, anawapitisha kando ya barabara na kwenye maeneo ya wazi yasiyo na mashamba, wanne au watano kwa mara moja, wenza pamoja, na kamba mkononi. Wanarudi jua likianza kuchoma. Wa jioni wanatoka jua likipungua. Si muda mrefu. Lakini kila punda anajua kwamba zamu yake inakuja, na utaona asubuhi masikio yameelekea langoni. Kijana tumemfundisha kuokota mifuko na vifungashio vya plastiki njiani kabla punda hawajafika, kwa sababu pamoja na kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, vifungashio bado vinazagaa mitaroni, na punda akivimeza vinamziba utumbo. Mtu anaweza kuona ni kazi ndogo, kuokota plastiki mbele ya punda. Kwangu ni kazi inayostahili kulipwa vizuri.

Kiangazi ni majaruba. Mpunga ukishavunwa, wenye mashamba hawana shida punda wakiokota mabaki, hasa tukiwaachia samadi. Tunasubiri kwanza ardhi ikauke kabisa na kupasuka. Jaruba lenye unyevu lina konokono, na konokono wa majini wanabeba minyoo ya ini. Mkulima mmoja aliona tunachelewa akatuuliza kama tumebadili mawazo; tukamweleza, na yeye akaanza kuwazuia ng'ombe wake pia.

Ndani ya uwanja kuna kona moja ambayo nilipigania. Punda lazima agaragare. Ni njia yake ya kuoga, ya kujikuna, ya kutoa jasho la mkanda na kupe, na nadhani pia ni furaha, kwa sababu anayetoka kugaragara anainuka na kujitingisha na kupiga mbio hata kama nafasi ya mbio haipo. Sakafu ya uwanja ilikuwa tope masika na kokoto kiangazi. Tukamwomba mzee kona iliyo chini ya bati, tukamwaga mchanga wa mtoni na majivu ya jikoni yaliyochekechwa, na kuiweka kavu mwaka mzima. Sasa wakirudi kazini wanakwenda hapo kwanza kabla ya maji. Wanapeana nafasi wenyewe. Mkubwa anaanza, wengine wanasubiri wamesimama nusu duara. Anapiga magoti ya mbele, anajiangusha kwa ubavu, anabiringika mpaka miguu yote minne iko juu, vumbi jeupe linapanda mpaka kwenye bati, kisha anakaa kidogo kama mbwa kabla ya kuinuka.

Ukavu huo ni muhimu kwa sababu nyingine. Punda ni mnyama wa nchi kavu, manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi. Mvua inamwingia hadi kwenye ngozi na kumtetemesha. Bila banda, kumfungia punda uwanjani masika ni ukatili, hata kama chakula kipo. Na akisimama kwenye mkojo na tope siku nzima, katikati ya ukwato panaoza. Unainua mguu, unapitisha kisu butu kwenye mfereji wa kati, kinatoka kitu cheusi laini chenye harufu inayokufuata mpaka nyumbani. Nasafisha za wangu kila jioni, miguu minane, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nakausha kwa kitambaa. Kukata kwato anafanya fundi anayejua, kila baada ya wiki sita mpaka nane, na nimewaomba wenzangu tumwite siku moja kwa wote ili bei ipungue.

Usiku tunalinda. Hofu ya wizi haijaisha. Kulikuwa na kipindi ngozi za punda zilitafutwa sana kwa ajili ya kuchemshiwa dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na punda waliibwa na kukutwa porini wamechunwa, nyama imeachwa. Serikali yetu ikapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana marufuku ya miaka 15 kwa bara zima. Nilifurahi, na bado nalala na simu karibu na sikio. Lango lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mzee, mwingine kwa mwenye zamu. Hapo ndipo uwanja wa pamoja unapozidi wa peke yako: macho ni mengi. Mtu aliye na punda wawili uani kwake anawalinda peke yake, sisi tuna zamu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga ampe mnyama chakula, maji, mahali pa kujikinga na nafasi ya kuishi kwa maumbile yake. Nimewahi kumsomea mzee kipande hicho. Alisikiliza, akauliza, "Hayo ya maumbile yameandikwa kweli?" Nikamwonyesha. Akakaa nayo siku kadhaa, kisha akaniita na kusema upande wa nyuma, alikopanda mihogo, akishang'oa msimu huu hatapanda tena. Tuondoe minyaa ya katikati na punda wapate urefu wa kukimbia.

Ni eneo la hatua chache tu, na ni zawadi kubwa. Watoto wake wangependa kupima viwanja wauze, naelewa, ardhi ya huku imepanda bei tangu barabara iboreshwe. Tumekubaliana na mzee kwamba tutaandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ili siku wakiamua kujenga tupate notisi ya kutosha ya kutafuta pengine pa kuwahamishia wote kwa pamoja, wenza na wenza wao. Rasimu ninayo mimi. Kipengele ambacho wenzangu bado wanabishania ni nani atakayelipia uzio mpya, na mimi nimependekeza tuuze samadi ya kiangazi kwa wenye bustani za mboga na fedha yote iende kwenye nguzo na miba. Jumapili hii tunakaa kuamua.